Mbegu nayo ina kwao

Wiki hii mmetuuliza wasomaji, "Mbegu za mboga za bustani ya nyumbani unanunua wapi, na unachaguaje?" Nimesoma nikasema hili silipiti bila kujibu. Mi niko Uyole, Mbeya, bustani yangu iko nyuma ya nyumba, matuta nane na kipande kando ya ukuta, nalima kwa ajili ya sufuria ya nyumbani na kinachozidi majirani wanachukua, na nimehangaika na mbegu miaka mingi kabla sijaelewa kwamba mbegu nayo ina kwao kama mtu alivyo na kwao, na ukiitoa huko ukaileta isikokujua itakusumbua hata uimwagie samadi ya ng'ombe kumi.

Kilichonifundisha ni vitunguu. Mdogo wangu alirudi kutoka Uingereza akaniletea pakiti ya mbegu za vitunguu, picha yake inavutia kweli, kitunguu kikubwa kama ngumi mbili. Nikasia kitaluni, zikaota karibu zote, nikahamishia kwenye matuta mwezi wa sita, nikapalilia, nikamwagilia, nikasubiri. Majani yakanenepa yakawa kijani kibichi mpaka watu wakawa wanasimama kuangalia, ila chini hakuna kitu. Mwezi wa kumi na moja naongoa mmoja mmoja naona shingo nene tu kama mkono wa mtoto, kitunguu hakijafunga hata kimoja. Nililaumu samadi, nikalaumu maji, nikamlaumu na kijana aliyekuwa ananisaidia kumwagilia, ambaye nilikuja kumwomba radhi baadaye.

Bwana shamba mmoja ndo alinifungua macho. Aliniuliza swali moja tu, "Mama, hii mbegu imetoka wapi?" Nilipomwambia akatikisa kichwa. Akaniambia kitunguu kinapima urefu wa mchana, yaani kinakaa kinatoa majani mpaka mchana ufikie urefu fulani ndo kianze kufunga. Kule Uingereza kiangazi mchana unapita masaa 16, na zile aina zao nyingi zinataka masaa 14 au zaidi ndo ziamke. Sisi Mbeya tuko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mchana wetu mrefu kuliko yote ni Desemba na haufiki hata masaa 13, ni 12 na dakika kama 40 hivi. Kwa hiyo vile vitunguu vyangu vilikuwa vinasubiri siku ndefu ambayo huku haiji. Siku hizi nanunua Red Creole au Bombay Red, hizo ni za mchana mfupi, zimezoeleka madukani kwetu na zinafunga vizuri.

Sasa mtu atasema basi jibu rahisi, nunua mbegu za makampuni ya hapa Afrika Mashariki umemaliza. Hapana, hujamaliza, na hapa ndo naomba tusikilizane vizuri. Makampuni mengi ya mbegu za mboga tunayoyajua yana makao Arusha au Nairobi, na yanafanya kazi nzuri, Rijk Zwaan Afrisem kwa mfano wako palepale Arusha wanazalisha nyanya za mazingira ya Afrika, na East African Seed pakiti zao utazikuta mpaka vijijini. Lakini Arusha wana masika na vuli, sisi mvua yetu ni moja ndefu, inaanza Novemba inaenda mpaka Aprili, ikishika imeshika, majani hayakauki siku nzima. Halafu inakuja baridi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo kuna asubuhi unaamka umande umeganda juu ya majani. Aina iliyopendeza kule haijaahidi kupendeza huku.

Na hata humu humu kwetu. Utakuta kijana wa dukani anakwambia "hii inafaa Nyanda za Juu Kusini," sasa Nyanda za Juu Kusini ipi? Kyela kule ziwani iko mita kama 500 tu juu ya usawa wa bahari, joto, mpunga na kokoa. Uyole ni kama mita 1,800. Ukipanda Kitulo unapita mita 2,600. Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu kule bondeni ni joto tupu, Ilula kwenye nyanya ni wastani, Makete baridi inakata. Kwa hiyo mi nikiingia dukani swali langu la kwanza sio bei, nauliza hii imelimwa wapi karibu na hapa na imelimwa mwezi gani. Akinijibu "inalimwa popote" naiacha mezani.

Wanaoishi karibu na Mbeya nawashauri sana vipando vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Makampuni yanapanda aina zao pale, unaona kabichi hii na ile zimesimama jirani kwenye udongo uleule, na kijana wa kampuni yupo unamuuliza. Mi naenda kila mwaka na daftari. Ila kuna jambo watu wengi hawalifikirii. Vile vipando vimekua mwezi wa sita na wa saba, kiangazi, vimemwagiliwa na vimepigwa dawa kwa ratiba. Kwa hiyo vinakwambia aina ipi inavumilia baridi, na hilo ni la maana, maana kuna mboga kama chainizi ikipigwa baridi ikiwa bado ndogo inakimbilia kutoa maua. Lakini havikwambii chochote kuhusu Januari, kuhusu ukungu wa baka jani ambao kwenye mvua zetu unaweza kumaliza tuta la nyanya ndani ya wiki moja. Hilo la Januari kamuulize jirani aliyelima Januari.

Dukani sasa. Pale Mwanjelwa nilishawahi kununua mbegu ya kabichi ya kupimiwa, kopo limefunguliwa, anachota kwa kizibo cha soda anakufungia kwenye kipande cha gazeti. Bei nafuu, na kwa mtu wa matuta nane kopo zima la nini. Iliota michache ikaisha. Kopo lenyewe lilikuwa linakaa dirishani, jua la mchana linalipiga, limefunguliwa sijui tangu lini, na mbegu ikipata joto na unyevu inakufa polepole bila kubadilika sura, huwezi kuijua kwa macho. Tangu siku hiyo nanunua pakiti ndogo iliyofungwa na kampuni yenyewe, hata kama ina mbegu chache. Nageuza nyuma nasoma, kuna jina la aina sio "cabbage" tu, kuna namba ya loti, tarehe ya kupimwa, asilimia ya uotaji, na lebo ya TOSCI, wale wa kudhibiti ubora wa mbegu wenye makao Morogoro. Ile lebo ya kukwangua ina namba unayoihakiki kwa simu, fanya hivyo ukiwa bado umesimama dukani, sio umefika nyumbani. Na tarehe usiipite, hasa ya vitunguu, maana mbegu ya kitunguu ni mwepesi wa kufa, mwaka mmoja au miwili imekwisha nguvu, wakati ya nyanya ukiitunza pakavu inaweza kukaa miaka minne na bado ikaota. Ukikuta mbegu ina rangi ya pinki au bluu hiyo imepakwa dawa, nawa mikono na waweke watoto mbali nayo.

Nikifika nyumbani kabla sijasia nahesabu mbegu 20, natandaza kwenye kitambaa kibichi, nafunika na sahani, naweka jikoni karibu na joto la mkaa. Baada ya siku kadhaa nahesabu. Zikiota 16 najua ni asilimia 80, nasia kawaida. Zikiota 8 nasia mara mbili yake au narudi dukani na kile kitambaa mkononi. Nimewahi kurudi nacho hivyo hivyo na mwenye duka akanibadilishia bila neno, maana ushahidi ulikuwa umelala pale mbele yake.

Kuhusu chotara, zile za F1, yaani mbegu iliyopatikana kwa kuchanganya aina mbili, naona watu wanagombana sana bila sababu. Chotara ni nzuri, anayelima ekari apeleke sokoni anazihitaji, kabichi zinafunga pamoja, saizi moja, anakata siku mbili anapakia gari. Lakini mi nyumbani kabichi thelathini zikikomaa wiki moja nazifanyia nini? Mi nataka moja wiki hii, mbili wiki ijayo. Copenhagen Market ya kawaida inanifaa zaidi kwa sababu haikomai yote kwa pamoja, kile ambacho mfanyabiashara anakiita kasoro kwangu ndo faida. Nyanya napanda Tengeru 97 na Tanya, zote zimetoka kwenye utafiti wa Tengeru huko Arusha, ganda gumu, haziozi mapema, nasia mwezi wa saba mwishoni kitalu kikiwa kimefunikwa usiku, nahamisha mwezi wa nane kuelekea wa tisa, nachuma kabla mvua haijakolea. Na kwa sababu sio chotara nakamua mbegu zangu mwenyewe. Ya chotara ukikamua ukapanda tena watoto hawafanani na mama, nilijaribu nikapata moja ndefu, moja fupi, nyingine ndogo chachu, ndivyo ilivyo kwa asili yake, sio kwamba kampuni imekudhulumu. Karoti Nantes kwa udongo wetu mwepesi, ila mwenye udongo mzito achukue Chantenay ambayo ni fupi nene. Spinachi Fordhook Giant, sukumawiki Georgia, hapo sina maneno mengi, zinakubali.

Halafu kuna mboga ambazo kampuni sio jibu la kwanza. Mnafu, figiri, majani ya maboga. Hizi ziko kwetu tangu enzi za bibi zetu, mpaka World Vegetable Center, wale watafiti wa mboga kule Arusha, wana aina ya figiri inaitwa Mbeya Green, nilifurahi siku niliyosikia. Mbegu ya mnafu mi nimepewa na mama mkwe wangu, mtu wa Tukuyu, kwenye chupa ndogo yenye majivu, na alinifundisha na namna. Unachuma matunda yaliyoiva meusi kabisa, unaponda kwenye bakuli la maji, unaacha, kesho yake unaosha. Maganda na mapepe yanaelea unamwaga, mbegu nzito inabaki chini, unaosha tena na tena mpaka maji yawe meupe, maana ule utamu wa tunda ukibaki mbegu inagoma kuota. Unaanika kivulini juu ya kitambaa, sio kwenye jua kali la bati.

Lakini kubwa aliloniambia ni lile ambalo wengi tunalikosea. Sisi tunachukua mbegu kwenye mche uliowahi kutoa maua kwa sababu ndo wenye matunda mapema, kumbe tunajichagulia mnafu unaokimbilia maua na kuacha majani, mwaka baada ya mwaka unazidi kuwa na majani machache tunasema ardhi imechoka. Alinishika mkono akanipeleka mpaka mwisho wa tuta, akanionyesha mmoja mnene wenye majani mapana ambao ulikuwa bado hauna hata ua wakati wenzake wameshazaa. Akasema, "Mwanangu, huu usiuchume jani hata ukiwa na njaa." Sasa kila msimu nautafuta wa hivyo nauchomekea kijiti chenye kitambaa chekundu, na mwaka huu iko miwili, mmoja karibu na bomba na mwingine kwenye kona ya ukuta, watoto wakitumwa mboga wanajua wanaipita.