Maswali na Majibu: Dhahabu ya Sekenke, ya Lupa, na Karai la Handeni

Barua za safari hii zimetoka Korogwe, Handeni, Muheza na Bagamoyo, zote za dhahabu. Tumezifupisha, maswali tumeyaacha kama yalivyo.

SWALI: Assalaam aleikum wahariri. Nasomesha historia. Wanafunzi wananibana: reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, kabla ya reli ya kati. Kwa nini basi uchimbaji wa dhahabu enzi za ukoloni ulistawi Sekenke na Lupa, mbali kabisa na huku kwetu? – Mwalimu, Korogwe

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Reli ya Tanga ilifuata mashamba, na dhahabu haifuati reli. Sekenke (huko Iramba, Singida), Geita na machimbo ya Musoma yamekaa kwenye miamba ya kale sana ya bara, ambamo mishipa ya mawe meupe ya kwatzi imebeba dhahabu.

Lakini kuwa na dhahabu ardhini ni nusu tu ya habari. Dhahabu yenyewe si tatizo kusafirisha, mtu mmoja hubeba ya mwezi mzima mkobani. Kinachokwamisha ni kuingiza mashine: vinu vya kupondea mawe, boila, pampu za kutoa maji shimoni. Ndiyo maana Sekenke, uliofunguliwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ulitegemea sana reli ya kati, iliyofika Tabora 1912. Lupa, upande wa Chunya, ilikuwa hadithi nyingine. Dhahabu iliyoonekana huko 1922 ilikuwa ya mchanga wa mitoni. Aliyekuwa na koleo, karai na chakula aliweza kuanza bila kinu. Migodi ya mwamba ilikuja baadaye: New Saza, kwa mfano, ulifanya kazi kuanzia 1939 hadi 1956.

Kuna jambo vitabu vya shule hulipita haraka, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote: bei. Hadi 1931 wakia moja ya dhahabu safi (gramu 31.1) ilikuwa karibu shilingi 85. Septemba ya mwaka huo Uingereza ikaacha kuifunga pauni yake kwa dhahabu, bei ikapanda. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 ilikuwa karibu shilingi 140, na vita vilipoanza 1939 ikawekwa 168. Waandikie wanafunzi hesabu hii ubaoni. Tani moja ya jiwe yenye gramu 10 ilikuwa na dhahabu ya shilingi 27 kwa bei ya zamani. Kwa bei ya 140, jiwe lilelile likawa na shilingi 45. Ikiwa kuchimba, kuponda na kuosha tani hiyo kunagharimu shilingi 35, mgodi uliokuwa hasara umegeuka faida bila jiwe kubadilika hata chembe. Mwishoni mwa miaka hiyo dhahabu ilishika nafasi ya pili kwa thamani katika mauzo ya nje ya Tanganyika, nyuma ya mkonge wenu.

Na mkonge na dhahabu viligombania watu walewale. Wengi wa Nyanda za Juu Kusini, hasa Wanyakyusa, walikwenda Lupa kwa sababu ni karibu na nyumbani, wakaepuka safari ndefu ya manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, hadi Tanga.

SWALI: Kijito chetu hukauka kuanzia Julai. Nimesikia Lupa nako maji yalikuwa ya shida. Waliosha kwa kitu gani? Na je, naweza kuchomea jikoni zebaki iliyoshika dhahabu? – Mchimbaji mdogo, Handeni

JIBU: Kwa upepo. Mashine yao ilikuwa sanduku la mbao lenye chekeche juu, chini yake ubao wa mteremko uliowambwa kitambaa na kupigiliwa vijiti vya kukingama, na mvukuto unaopuliza kutokea chini ya kitambaa. Mchanga mwepesi hupaa na kuruka vijiti. Dhahabu, ambayo kwa ujazo uleule ina uzito mara saba ya kwatzi, hubaki nyuma ya kijiti cha kwanza au cha pili. Ukiikuta kijiti cha mwisho, jua nyingine imeshapita. Punguza mteremko au mwaga mchanga polepole zaidi.

Kazi yenyewe huanzia shimoni. Ondoa udongo wa juu, usipoteze nguvu kuupepeta. Shuka hadi changarawe inayokalia mwamba. Hapo juu ya mwamba, na ndani ya nyufa zake, ndipo dhahabu ilipotulia. Kwangua nyufa kwa kijiko au nondo iliyochongwa, fagia hadi vumbi. Anika kwenye turubai, ponda madonge, chekecha, kisha pepeta. Kilichobaki ndicho ukioshe kwa karai, ndani ya beseni, ili ndoo mbili za maji zikutoshe siku nzima.

Hushindikana kwa njia tatu. Mchanga wenye unyevu, hata kidogo, hugandamana na kubeba dhahabu nje. Ndiyo maana masika mashine hizi zilikaa bure. Mfinyanzi usiopondwa hufanya vivyo hivyo. Ya tatu haina dawa: dhahabu laini kama unga huondoka na upepo. Upepetaji hufaa chembe unazoziona kwa macho. Kwa unga, subiri mvua na utumie mwalo, yaani mfereji wa mbao wa kuoshea mchanga kwa maji.

Umeuliza pia kuhusu kuchomea zebaki jikoni. Usithubutu. Zebaki huchemka kwenye nyuzijoto 357 na mvuke wake hauonekani. Hukaa kwenye kuta, kwenye unga wa ugali, kwenye mapafu ya watoto. Kama lazima uitumie, chomea nje, ndani ya chungu cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalopoozwa kwa kitambaa kibichi. Mdomo wa bomba ukae juu kidogo ya maji, usizame. Ukizama, moto ukipungua chungu hunyonya maji, na maji yakigusa chuma cha moto hupasuka kwa mvuke.

SWALI: Karai langu limejaa vimeta vya njano. Nitajuaje si dhahabu? – Muheza

JIBU: Kwa milima yenu, tunakisia ni ulanga (maika), madini ya vipande vyembamba vinavyometa. Viweke kivulini: ulanga huacha kumeta ukiugeuza, dhahabu hubaki njano ileile. Vitikise ndani ya maji. Vikielea na kuzungukazunguka, ni ulanga. Kikizama lakini kikivunjika ukikigonga, na kikisuguliwa mgongoni mwa kigae, pasipopakwa rangi ya kung'aa, kikaacha mstari mweusi, ni pairiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu. Dhahabu hubondeka ikawa bapa, na mstari wake ni wa njano.

Na kama karai hilo umelijaza kwenye vijito vya Amani, acha. Ni hifadhi, na maji hayo ndiyo yanayoshuka mto Zigi hadi bwawa la Mabayani, wanakonywea watu wa Tanga mjini.

SWALI: Marehemu babu ameacha sarafu ya njano ya Kijerumani yenye tembo, mwaka 1916. Sonara mmoja anasema ni shaba, lakini anataka kuinunua! – Bibi wa Bagamoyo

JIBU: Shikamoo Bibi. Usiiuze bado. Mwaka 1916, bahari ikiwa imefungwa na manowari za Waingereza, Wajerumani walipiga sarafu Tabora kwenye karakana ya reli. Ya rupia 15 ilikuwa ya dhahabu, na dhahabu hiyo ilitoka Sekenke; zilipigwa 16,198 tu. Upande mmoja una tembo na mlima, mwingine una tai na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA. Karakana hiyohiyo ilipiga sarafu ndogo za heller 20 na heller 5 (heller 100 ni rupia moja) za shaba, lakini hizo hazina tembo.

Iliyo halali ina gramu 7.168, na dhahabu asilimia 75, yaani gramu 5.376 safi. Nakala ya shaba ya ukubwa uleule itakuwa na gramu 4 hivi. Kisha fanya jaribio la maji kwenye mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, teremsha sarafu kwa uzi hadi izame bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ikisoma kati ya 0.45 na 0.48, uzito wake ni wa dhahabu. Shaba ya njano yenye uzito huo ingesoma karibu 0.84.

Fanya haya mbele ya macho yako, na mwenye mizani asiwe yule anayetaka kununua. Asiikwangue wala kuidondoshea tindikali. Wala usiisugue kwa majivu ing'ae: wakusanyaji hulipia sarafu hii kuliko uzito wa dhahabu yake, na mikwaruzo ndiyo wanayoitafuta kwanza ili washushe bei.