Kabla ya tuzo, mpeni wa kumsoma

Wahariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: mwandishi kijana hukua akiwa peke yake au akiwa na wenzake? Ukurasa huandikwa na mtu mmoja, hilo halina ubishi. Lakini kijana huanza kukua siku anapopata watu wa kumsoma kabla hajachapishwa, watu wenye ujasiri wa kumwonyesha palipopooza katika kazi yake naye akiwa amekaa hapo hapo. Jibu hili nimelitoa Ufilipino, na naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Nilikwenda kusomea kilimo cha mpunga Los Baños, mji ulio kusini mwa Manila, chini ya mlima Makiling, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga imekuwapo tangu 1960. Waafrika tulikuwa wachache, sote watu wa mbegu na udongo. Kilichoniingiza kwenye fasihi ni nyumba niliyopanga. Chumba cha pili alikaa mshairi kijana kutoka kisiwa cha Leyte, na wenzake watatu walikuja sebuleni kwetu kila Alhamisi usiku. Mimi waliniita Kuya, yaani kaka, kwa kuwa niliwazidi umri, na wakaniruhusu kukaa nao ili mradi nisisifu kitu ambacho sikukielewa.

Utaratibu wao haukuwa na mbwembwe. Mwenye kazi hupita steshenari ya karibu na geti la chuo, akatoa kopi, akazigawa mapema. Siku ikifika, shairi husomwa kwa sauti na mtu mwingine kabisa, ili mtunzi alisikie likitoka kwenye mdomo usiojua nia yake. Baada ya hapo mtunzi hana ruhusa ya kufungua mdomo mpaka wote wamalize. Hawezi kujitetea, hawezi kusema "hapa nilikusudia hivi". Kama wasomaji wanne hawakukiona kitu, basi kwenye shairi hakimo.

Kuna usiku mmoja ambao bado naufikiria. Novemba 8, 2013, kimbunga Haiyan, ambacho wenyewe wanakiita Yolanda, kilipiga Tacloban, mji mkubwa wa Leyte. Waliokufa nchini walizidi 6,000. Kila aliyejua rafiki yangu anatoka wapi alimtarajia aandike kimbunga, naye akaandika. Ndani ya shairi mlikuwa na bahari iliyoinuka ikafunika mji, na mama aliyeponyokwa na mtoto. Machozi yalinilenga. Msichana mmoja wa kundi, mwanafunzi wa botania kutoka Iloilo, akachukua kalamu akaukata ubeti wote wa mama na mtoto, mshororo kwa mshororo. Akamwambia, "Mama huyu umemtoa kwenye televisheni. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"

Zamu yake ya kusema ilipofika, alijibu kwamba alikuwa ghorofani shuleni, amelishikilia gunia la mchele la jirani aliyekuwa haelewani na familia yao, kwa sababu jirani mwenyewe alimkabidhi kisha akashuka kumtafuta mkewe. Alilishikilia mpaka maji yalipotoka. Yule msichana akamrudishia karatasi akasema, "Basi andika gunia."

Aliandika gunia. Lilimchukua muda mrefu, akalirudisha mezani tena na tena, na ndilo shairi lililochapwa, na ndilo lililompatia nafasi katika warsha ya kitaifa. Angekaa peke yake chumbani angebaki na yule mama wa televisheni, na watu wangempongeza, maana nani atathubutu kumkosoa kijana anayelilia wafu wa kwao?

Hizo warsha za kitaifa inafaa nizieleze, kwa sababu zimekuwa njia ambayo karibu kila kijana anayeandika kule huiwazia. Ya Chuo Kikuu cha Silliman, mjini Dumaguete, ilianzishwa 1962 na mume na mke, Edilberto na Edith Tiempo, baada ya kusomea uandishi Iowa, Marekani. Chuo Kikuu cha Ufilipino kikaanzisha yake 1965. Iligan, mji wa Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini, wana yao tangu 1994, na hiyo huchukua pia kazi za lugha za mikoa. Kijana hutuma kazi zake, zikichaguliwa hualikwa, hulazwa na kulishwa, na kwa siku nyingi mfululizo waandishi wazoefu wanaichambua kazi yake mbele ya wenzake. Watu hutoka humo na marafiki wa maisha. Wengine hutoka wameacha kuandika kwa mwaka mzima. Nimewasikia wa aina zote mbili, na hata hao walionyamaza mwaka mzima walisema hawajawahi kusomwa kwa umakini kiasi kile.

Baada ya warsha kuna tuzo. Tuzo za Palanca, zenye jina la mfanyabiashara Carlos Palanca, zilianzishwa 1950, na ukikaa na waandishi wa Manila utasikia mtu akitambulishwa kwa Palanca zake kabla hujaambiwa ameandika nini. Rafiki yangu alijaza fomu, akaenda kwa wakili kugongewa muhuri kwamba kazi ni yake, akatuma. Alituma kazi ya Kiingereza. Lugha ya mama yake ni Kiwaray, inayosemwa na mamilioni ya watu wa Leyte na Samar, lakini tuzo za lugha za mikoa, zilizoongezwa 1997, ziliwekwa kwa hadithi fupi za Kisebuano, Kihiligaynon na Kiiloko. Nchi ina lugha zaidi ya 170. Najua hakuna tuzo inayoweza kuzibeba zote. Hata hivyo, kijana aliyelishikilia gunia lile huku akiomba Mungu kwa Kiwaray alilazimika kuliandika kwa Kiingereza ili lisomwe na waamuzi, na jambo hilo liliniuma kuliko lilivyomuuma yeye. Yeye alikuwa ameshalizoea.

Kinachonipa matumaini ni kwamba wakongwe wapo wanaolikataa. Merlie Alunan, mshairi aliyefundisha Tacloban, alijulikana kwanza kwa Kiingereza, kisha akaandika pia kwa lugha za Visayas, visiwa vya katikati ya nchi, na akawasukuma vijana wa huko waandike kwa zao. Waandishi wa Kiiloko walikwishajipanga mapema, wakaunda chama chao cha GUMIL mwaka 1968, na kina matawi mpaka Hawaii, kwa wahamiaji. Washairi wa Kifilipino wana LIRA, chama kilichoanzishwa 1985 na Virgilio Almario, ambako kijana hufundishwa kwanza vina na mizani za kale ndipo aruhusiwe kuzivunja. Hilo la LIRA mshairi yeyote wa Kiswahili ataliunga mkono.

Sasa niwajibu wale watakaosema kundi ni kijiwe tu cha porojo. Wana hoja. José Rizal, shujaa wa taifa wa Ufilipino, akiwa mwanafunzi Madrid mwaka 1884, aliwapendekezea Wafilipino wenzake waandike pamoja riwaya moja juu ya nchi yao. Wakakubali kwa shangwe, na hakuna aliyeandika. Rizal akaiandika peke yake, ikatoka Berlin mwaka 1887 akiwa na miaka 25. Miaka tisa baadaye Wahispania, waliokuwa wakiitawala nchi, walimuua kwa risasi Manila, na tangu 1956 sheria inataka riwaya zake zisomwe shuleni. Lakini tusiishie hapo. Mwaka ule wa Berlin alikuwa na njaa na hana hela ya mpiga chapa, na aliyemkopesha ili nakala 2,000 zichapwe ni rafiki, Máximo Viola, daktari kijana kutoka Bulacan. Wengi walishindwa kuandika, mmoja akafanya kazi ya rafiki.

Na kuna kisa kingine ambacho vijana wa kule husimuliana wakikaa usiku. Rais Ferdinand Marcos alitangaza utawala wa kijeshi 1972, magazeti huru yakafungwa. Mwaka 1973 jarida moja lililoruhusiwa likachapa shairi la Kiingereza juu ya Prometheus, zito, la kisomi, lisilo na hatari yoyote machoni pa mkaguzi. Halafu watu wakasoma herufi za kwanza za mishororo kutoka juu kwenda chini wakakuta kaulimbiu ya maandamano: Marcos, Hitler, dikteta, kibaraka. Mtunzi, aliyejificha nyuma ya jina la bandia, alikuwa Jose Lacaba, bado hajafika miaka 30. Mwaka uliofuata alikamatwa, akateswa. Mdogo wake Emmanuel, naye mshairi, aliingia msituni na waasi akauawa Mindanao mwaka 1976.

Mwaka huo huo wa 1976 serikali ilitaka kumpa Nick Joaquin, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiingereza nchini humo, heshima ya Msanii wa Taifa. Joaquin alikubali kwa sharti moja: Lacaba aachiwe. Akaachiwa. Nikimfikiria mzee yule na jina lake, najua heshima ya mwandishi inatakiwa itumike wapi.

Nalisema hilo kwa sababu siku hizi jina la mkubwa hutumika pia vibaya. Rafiki yangu na wenzake walilalamikia mambo ambayo hata hapa kwetu tunayajua: waamuzi wa tuzo ndio walimu wa washindi, kijana asiye na mkubwa wa kumtaja anasubiri mlangoni, na aliyeko kisiwani anapaswa kulipa meli au ndege ili aonekane Manila. Siwezi kupima ukubwa wa tatizo. Niliona tu jinsi linavyomlegeza mtu. Mmoja wa wale wanne, ambaye kwa sikio langu ndiye alikuwa na ulimi mtamu kuliko wote, aliacha kutuma kazi popote.

Hakuacha kuandika, hata hivyo. Alihamia kwenye vijitabu. Kule kuna maonyesho yanayoitwa BLTX, yaliyoanza 2010, ya watu wanaochapa wenyewe kwa mashine ya fotokopi. Nilimsindikiza mara moja. Meza zimebanana, joto kali, na juu ya meza vijitabu vya kurasa chache vilivyokunjwa kwa mkono na kupigwa pini mgongoni. Chake kilikuwa na jalada la karatasi ya kaki na hadithi mbili. Bei aliiandika kwa kalamu, lakini watu wengi hawakununua, walibadilishana: nipe chako, chukua changu. Jioni alirudi na mfuko uliojaa kazi za watu asiowajua, akakaa kwenye basi akizisoma moja baada ya nyingine, na alipofika Los Baños alikwishawaandikia wawili ujumbe kuwaambia palipopooza. Mmoja alijibu kabla hatujafika nyumbani, akishukuru.

Riziki ya vijana hawa ni ngumu na mtu asiipake rangi. Wengi wenye Kiingereza kizuri huishia vituo vya kupokea simu za wateja wa Marekani, na kwa kuwa mchana wa Marekani ni usiku wa Manila, hulala jua likiwaka. Rafiki yangu alifanya kazi hiyo alipomaliza chuo. Alikuwa akitoka zamu asubuhi, ananunua kahawa na wali wa kukaanga na yai, anaandika mpaka macho yanakataa. Wengine huandika hadithi za mapenzi za bei nafuu, au huweka riwaya zao Wattpad, mtandao wa kusomea hadithi, sura kwa sura na kupata wasomaji ambao mshindi wa Palanca hatawaona maishani. Sijawahi kuelewa kwa nini hao hudharauliwa mezani. Mtu anayesomewa sura yake usiku huo huo na mamia ya wasichana, wakamwambia wapi walichoka, anapata sehemu ya kile ninachokitetea hapa.

Sisi wa Kiswahili tuna desturi ya kujibizana kwa mashairi magazetini, na Wafilipino wana yao: Aprili 1924, Manila, washairi Jose Corazon de Jesus na Florentino Collantes walisimama jukwaani wakabishana kwa beti, na mtindo huo, balagtasan, ukaenea nchi nzima. Lakini kwenye malumbano tunajibu hoja ya mtu. Ubeti wake uliolegea tunauacha ulivyo, kwa adabu au kwa woga, na malenga chipukizi anazeeka bila kuambiwa.

Kwa hiyo nina ombi kwenu wahariri. Mnachapa mashairi ya vijana kila toleo. Chagueni moja, mlichape pamoja na maoni ya wasomaji wawili, mmoja mkongwe na mmoja rika la mtunzi, wanaotaja mshororo kwa mshororo kilichowagusa na kisichosimama. Mtunzi asijibu toleo hilo. Toleo linalofuata mpeni nafasi alilete shairi lake upya. Kama ni la Kisambaa au Kiluguru lenye tafsiri pembeni, lipokeeni. Mkikosa wa kuanza naye, nina mpwa wangu Ifakara anayeandika, na nimeshamuuliza. Amekubali kukaa kimya toleo zima.

Msomaji wenu,
Morogoro