Shakira hakukiacha Kihispania

Umeuliza kama Shakira, mwimbaji wa Colombia, alikitupa Kihispania alipoingia soko la Kiingereza; kwa maoni yangu, hapana, alitoboa mlango wa pili tu bila kuuziba wa kwanza. Albamu yake Laundry Service, iliyotoka Novemba 2001, ilikuwa na nyimbo kadhaa za Kihispania, na hata ule uliovuma kuliko zote, Whenever, Wherever, ambao mwimbaji Gloria Estefan alishiriki kuutunga, una toleo la Kihispania liitwalo Suerte. Usikilize kwa makini: nyuma ya maneno ya Kiingereza zinalia filimbi za Andes, milima ya Amerika Kusini, pamoja na charango, kigitaa kidogo cha milimani. Kisha mwaka 2005, umaarufu ukiwa umeshakolea, alitanguliza albamu ya Kihispania, ya Kiingereza ikafuata baadaye.