Saa ya babu inageuza tarehe magharibi

SWALI: Mhariri, shikamoo. Marehemu babu yangu ameniachia saa ya mkono aina ya Seiko 5, isiyotumia betri. Inatembea vizuri, lakini tarehe yake hugeuka jioni, wakati wa adhana ya magharibi, na nikiiacha mezani siku mbili husimama. Je, ni mbovu? Imenitia hamu ya kuanza kukusanya saa, na kwa kuwa malipo ya korosho yametoka, rafiki yangu ananiuzia Rolex ya dhahabu kwa shilingi 120,000. Niichukue?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Marahaba. Kwa hayo uliyoyaeleza, saa yako ni nzima. Husimama kwa sababu hujijaza kwa mtikisiko wa mkono, na ikivuliwa huweza kwenda kwa takriban saa 40 tu.

Kuhusu tarehe, bila shaka babu yako aliitega kwa hesabu yetu, ili akrabu fupi ikifika kwenye 1 iwe ni saa moja kweli, asilazimike kusoma 7 na kutamka moja. Mtambo wa ndani, hata hivyo, haujui Kiswahili: hugeuza tarehe kila mara ya pili akrabu zinapokutana kwenye 12, na kwa saa ya babu 12 hiyo huangukia machweo. Wala mzee hakupotoka, kwani kwa hesabu ya zamani ya pwani siku mpya huanza jua linapozama, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa yenyewe. Mimi ningeiacha alivyoitega. Ukitaka kuibadilisha, sogeza akrabu mbele hadi tarehe igeuke, ujue hapo ni saa sita usiku. Endelea hadi akrabu fupi ifike kwenye 6, yaani saa kumi na mbili asubuhi, ndipo urekebishe tarehe, kisha usogeze hadi wakati uliopo. Usiiguse tarehe akrabu fupi ikiwa kati ya 9 na 3 za usiku, kwa sababu meno ya kugeuzia tarehe huwa yameshikana na yanaweza kuvunjika.

Usishuke nayo mwambani kutafuta pweza, maana mpira unaozuia maji katika saa ya zamani hukauka. Hata saa mpya iliyoandikwa mita 30 huhimili matone tu. Niliwahi kuogelea na ya namna hiyo, kesho yake ukungu ukatanda ndani ya kioo, na haikupita wiki akrabu zikashika kutu. Kwa hiyo saa yako ya pili iwe ya betri, yenye mkanda wa mpira na maandishi ya mita 100, kwa kuwa mkanda wa ngozi huoza upesi kwa jasho la huku kwetu.

Hiyo Rolex iache. Bei yake peke yake yatosha kukutilia shaka, lakini tazama pia akrabu ya sekunde: katika Rolex nyingi zinazotengenezwa sasa huteleza kwa mitetemo minane kila sekunde, na ukiona inaruka mara moja kwa sekunde, ndani mna betri. Fedha hizo mpelekee fundi saa aifungue ya babu, aisafishe, aitie mafuta mapya na kubadilisha mpira wa kifuniko cha nyuma.