Bunduki ya marehemu inapovuka mpaka wa jimbo: maswali na majibu

Wasomaji wetu wanaoishi Marekani, hasa wale waliooa au kuolewa katika familia zenye mazoea ya kuwinda, wameuliza maswali yanayofanana kuhusu silaha walizoachiwa na jamaa wa majimbo mengine. Nimechagua matano. Penye mgogoro wa mirathi, wakili wa jimbo husika ndiye wa kumwona kwanza.

Baba mkwe wangu wa Tennessee ameniachia kwa wasia bunduki mbili za kuwindia na bastola. Mimi naishi Texas kwa kadi ya kijani. Je, ni lazima zipitie kwa muuzaji mwenye leseni?

Sheria ya shirikisho haikulazimishi, mama. Kwa kawaida, Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya mwaka 1968 inamkataza mkazi wa jimbo moja kupokea bunduki kutoka kwa mtu binafsi wa jimbo jingine, isipokuwa kwa mkono wa muuzaji mwenye leseni ya shirikisho katika jimbo la mpokeaji. Hata hivyo, sheria hiyohiyo imetoa nafasi ya pekee kwa silaha inayopatikana kwa wasia, au kwa urithi wa kisheria pale marehemu asipoacha wasia, mradi mrithi awe mtu anayeruhusiwa kumiliki silaha na silaha yenyewe iwe halali katika jimbo anakoishi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba kilichokuwa halali kwa marehemu kitaendelea kuwa halali kwao. Sheria inayopimwa ni ya nyumbani kwa mrithi. Texas haina daftari la kuandikisha bunduki za kawaida, na mkaazi wa kudumu hazuiwi na sheria ya shirikisho kwa sababu tu si raia. Kwa hiyo kwako njia ni nyepesi. Angekuwa mtu wa Illinois, angehitaji kitambulisho cha FOID, yaani kadi ya jimbo ya mwenye silaha. California inadai cheti cha usalama wa silaha na taarifa kwa idara ya sheria ya jimbo ndani ya siku 30, na zipo aina za bunduki ambazo haziruhusiwi kuingia huko hata kwa urithi. Huko New York bastola haiguswi bila leseni, na msimamizi wa mirathi anayejikuta nayo anapewa siku 15 tu za kuihamisha kihalali au kuikabidhi polisi.

Beba nakala ya wasia, cheti cha kifo na barua ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi, kisha uzihifadhi maisha yako yote, kwa kuwa ndizo zitakazokusemea ukiulizwa silaha hizo zilikufikiaje.

Mjomba alifariki Georgia bila wasia. Baada ya arobaini kikao cha familia kilikubaliana kwamba bastola yake nichukue mimi, mpwa wake ninayeishi North Carolina. Mjane ameridhia. Naweza kuondoka nayo?

Usiondoke nayo. Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu hii, kwa sababu linaonyesha jinsi mtu mwema anavyoweza kuvunja sheria ya shirikisho huku familia nzima ikimbariki. Kikao cha ukoo kina heshima yake katika kugawana majukumu na kulinda amani, lakini mahakama ya Marekani haikitambui kuwa chanzo cha urithi. Mtu akifa bila wasia, sheria ya jimbo ndiyo inayotaja warithi, na mwenye mjane au watoto hurithiwa na hao; mpwa hayumo. Maana yake ni kwamba bastola ni mali ya mjane, na akikupa wewe, hiyo ni zawadi kutoka kwa mkazi wa Georgia kwenda kwa mkazi wa North Carolina. Nafasi ya pekee ya urithi haikuhusu tena.

Njia iliyo sahihi si ngumu. Mjane wa mjomba wako awasiliane na muuzaji mwenye leseni huko Georgia, ambaye ataituma kwa muuzaji mwenzake karibu na kwako. Utajaza Fomu 4473, ya shirikisho ya anayepokea silaha kwa muuzaji, utachunguzwa rekodi zako, utatimiza masharti ya jimbo lako, kisha utakabidhiwa. Wauzaji hutoza ada ya kazi hiyo, nayo ni ndogo sana ukiilinganisha na kesi ya jinai. Utaratibu huo ndio unaotumika pia pale mzee angali hai na anataka kumpa mwanawe wa jimbo jingine bunduki yake mapema.

Nina viza ya mwanafunzi, na ndugu wa mke wangu aliwahi kufungwa kwa kosa kubwa. Sote wawili tumeachiwa silaha katika wasia mmoja. Tufanye nini?

Msizipokee, wala msikubali kuwekewa nyumbani. Aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kuadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja haruhusiwi kumiliki silaha, na wasia haumwondolei katazo hilo. Mwenye viza ya muda naye amekatazwa tangu mwaka 1998, isipokuwa katika hali chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwombeni msimamizi wa mirathi auze silaha hizo kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, nanyi mpokee fedha. Mwaka 2015, katika kesi ya Henderson, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba hata aliyepoteza haki ya kushika bunduki anaweza kuomba silaha zake zihamishiwe mtu mwingine, ilimradi yeye mwenyewe asibaki na mamlaka yoyote juu yake. Haki ya thamani haijapotea. Kilichopotea ni haki ya kuishika.

Nitaendesha gari kutoka Florida hadi Maine nikiwa na bunduki ya urithi. Nitapita majimbo makali njiani.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inakulinda ukiwa safarini kama umiliki wako ni halali unakotoka na unakokwenda. Bunduki isiwe na risasi, na bunduki wala risasi visiwe mahali panapofikika kutoka kwenye viti. Zikae kwenye buti, au, gari likiwa halina buti lililotengwa, ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, wala si kwenye kijisanduku cha dashibodi. Usigeuze safari kuwa matembezi ya siku kadhaa New Jersey au New York, kwa kuwa ulinzi huo ni wa mpitaji. Kwa ndege, iwe tupu ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, uitangaze kaunta na isafiri pamoja na mizigo ya chini.

Katika kabati la marehemu tumekuta kizuia sauti cha bastola na shotigani yenye mtutu uliokatwa.

Acheni vitu hivyo hapohapo, vifungiwe, msivivushe jimbo. Vifaa hivyo, pamoja na bunduki za rashasha, vinatawaliwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1934, na vinapaswa kuwa katika daftari la ATF, shirika la shirikisho la kusimamia silaha. Tafuteni karatasi za uandikishaji katika nyaraka za marehemu. Zikipatikana, msimamizi wa mirathi ataomba uhamisho kwa mrithi halali kwa Fomu 5, isiyotozwa kodi, na mrithi atasubiri idhini kabla ya kuvichukua. Visipokuwa vimeandikishwa, mrithi hawezi kuviandikisha leo. Msimamizi, akiwa na wakili, awasiliane na ofisi ya ATF ili vikabidhiwe.