Kufundisha tahajia kwa kompyuta: neno lianzie mikononi

Kwa miaka kadhaa nimefundisha tahajia katika kitengo cha elimu maalumu hapa Mtwara, darasa moja likiwa na wanafunzi viziwi na wengine wenye ulemavu wa akili. Ninawaandikia walimu wenzangu ambao shule zao zimepata kompyuta bila maelekezo ya kuzitumia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba Kiswahili, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa, kingekuwa chepesi kwao. Wepesi huo ni wa mwenye kusikia. Mtoto kiziwi hana silabi ya kuitegemea sikioni, hivyo hulikumbuka neno kwa umbo lake. Ndiyo maana mwanafunzi wangu mmoja aliandika "kosorho" badala ya "korosho", herufi zote zikiwemo ila zimepishana. Kumwonyesha neno hilo tena na tena kwenye skrini hakukumsaidia. Kilichomsaidia ni korosho yenyewe mkononi, kisha ishara yake katika Lugha ya Alama ya Tanzania, kisha herufi moja moja kwa alfabeti ya vidole, yaani kila herufi na umbo lake la mkono. Kompyuta ilikuja mwisho: neno linaonekana, linafichwa, analiandika kwa kumbukumbu, halafu analilinganisha mwenyewe. Msiliruke tendo la kuficha, kwa maana mtoto akiachiwa neno mbele ya macho atanakili tu.

Kompyuta nayo iandaliwe. Kikagua tahajia kilichowekwa kwa Kiingereza hupigia mstari mwekundu maneno sahihi ya Kiswahili, na mtoto anayeyaamini macho yake hufuta neno alilolipatia. Kizimeni, au tumieni LibreOffice, programu ya kuandikia, pamoja na kamusi yake ya Kiswahili. Mlio wa pongezi haumfikii kiziwi, basi jibu sahihi lionekane kwa rangi au picha. Kwa wale ambao vidole vyao hukawia juu ya kibonye, zimeni urudiaji wa herufi katika mipangilio, la sivyo "maji" huwa "mmmmaaaji" na mtoto hudhani amekosea. Vibonye vina herufi kubwa ilhali vitabu vyao vina ndogo. Nilipobandika vijikaratasi vya herufi ndogo, binti mmoja aliyekuwa akihangaika kuitafuta "a" aliiona siku hiyo hiyo.

Kwa wenye ulemavu wa akili, maneno matatu kwa juma yananitosha, tena yawe ya maisha yao. Kabla ya likizo ya Desemba huwaonyesha wazazi ishara za maneno hayo, nikawaomba wabandike "maji" kwenye ndoo na "chumvi" kwenye kopo lake.