Shangazi, pedi zangu zina miezi mitano kabatini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 37 na mtoto mmoja. Nilifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, kisha nikawekwa kwenye kemo, zile dawa za dripu za kuua saratani. Baada ya dripu ya pili hedhi ilikata, sasa ni miezi mitano. Dripu ya mwisho nimemaliza majuzi na nimeambiwa nitaanza vidonge vya tamoksifeni, vya kuzuia saratani isirudi. Usiku nalowa jasho mpaka nabadilisha shuka. Shoga yangu anasema ndiyo nimeshakoma hedhi. Mume wangu naye anasema basi kinga ya nini tena. Kumuuliza daktari naona haya, yeye anahangaika na uhai wangu, mimi nimletee habari za pedi? Na mtoto wa pili nilikuwa namtaka.*

Marahaba mwanangu. Pole kwa safari uliyopita.

Nianze na mumeo, maana yeye ndiye mwenye haraka. Mwambie Shangazi amekataa. Yai hutoka kwenye ovari kama wiki mbili kabla ya damu kuonekana. Maana yake, siku mwili wako ukiamka, yai litatangulia na hedhi itafuata. Ukisubiri damu ndiyo ikupe taarifa, mimba inaweza kuingia kabla yake, na wewe utadhani kichefuchefu ni masalia ya kemo. Na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni, tena haizuii mimba. Kuna wanawake ambao dawa hiyo huwachochea mayai. Tumieni kondomu, au uulizie kitanzi cha shaba. Vidonge vya uzazi wa mpango, sindano na vipandikizi vina homoni, kwa mwenye saratani ya titi kwa kawaida haviruhusiwi.

Sasa huyo shoga yako. Amekuwahisha. Kemo huwinda seli zinazogawanyika haraka, ndiyo maana nywele huondoka. Ndani ya ovari, yai linalokomaa huzungukwa na seli za namna hiyo hiyo, na hizo ndizo zinazotengeneza estrojeni, homoni ya kike. Zikifa, ukuta wa mji wa mimba haujengeki, na usipojengeka hakuna cha kumwagika. Jasho lako la usiku linatoka hapo hapo, estrojeni imeshuka ghafla.

Swali ni mayai yaliyolala, ile akiba uliyozaliwa nayo, ambayo haiongezwi. Dawa nyingine huigusa kidogo, nyingine, kama saiklofosfamaidi, huila sana. Umri nao una neno lake: walio chini ya miaka 35 wengi hurudi mwezini, waliovuka 40 wengi hawarudi. Wewe uko katikati, na mtu anayekuapia jibu leo anabahatisha. Mara nyingi hedhi hurudi ndani ya mwaka mmoja baada ya dripu ya mwisho, wengine husubiri hata miwili. Na ikirudi, ukomo halisi unaweza kuja mapema kuliko ungekuja.

Tamoksifeni itachanganya hesabu zaidi, kwa sababu yenyewe huvuruga mzunguko: huruka miezi, hupunguza damu, huleta matone. Kwa hiyo ukiwa unatumia kidonge, kimya cha hedhi peke yake hakithibitishi ukomo. Vipo vipimo vya damu vya homoni, lakini hata hivyo husomwa kwa tahadhari.

Kuhusu mtoto wa pili, hapa ndipo nataka uache haya kabisa. Vidonge hivyo hunywewa miaka 5, pengine 10, na wewe una 37. Ukinyamaza, muda utakuamulia. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake wapatao 500 waliosimamisha tiba ya homoni, yaani dawa za kuzuia homoni kama hiyo tamoksifeni, baada ya kuitumia miezi 18 hadi 30, ili wajaribu kubeba mimba. Kwa muda waliofuatiliwa, kama miaka mitatu na nusu, saratani haikuonekana kurudi kwa wingi zaidi. Hilo si ruhusa ya kuacha kidonge kimyakimya, usithubutu. Ni sababu ya kumwambia daktari sasa, apange nawe. Dripu aliziandika yeye. Hedhi kukata ni sehemu ya kazi yake, si umbea wa kabatini.

Damu ikirudi, usishangilie peke yako. Mpe taarifa, hasa ikija katikati ya mwezi au baada ya mwaka mzima wa kimya, kwani tamoksifeni huweza kuufanya ukuta wa mji wa mimba unenepe na mara chache kuleta saratani huko. Ukijaza pedi ndani ya saa moja, tena na tena, usingoje asubuhi.

Chukua daftari uandike tarehe ya hedhi ya mwisho, tarehe ya dripu ya mwisho, na usiku unaoamka umelowa. Nenda nalo kliniki. Na kwa kuwa mumeo ameshaanza hoja zake, omba kipimo cha mimba kabla hujameza kidonge cha kwanza.